Namna ya Kununua Nyumba ya Wapangaji Kibaha Bila Kununua Kesi

Anza na choo. Najua dalali amekupangia ratiba nyingine: atakuanzisha getini, akupitishe kwenye marumaru za barazani, akusimamishe chini ya dari la jipsamu lenye taa za rangi tatu, kisha akurudishe kwenye gari kabla jua halijakuwa kali. Mwache amalize. Halafu mwambie unataka kuona choo cha uani, karo, na mahali maji ya kufulia yanakoishia. Akikunja uso, ujue umefika penyewe.

Mwongozo huu ni wa mtu anayenunua nyumba ya kupangisha kwa mara ya kwanza: mwalimu mwenye akiba ya Saccos, muuguzi aliyepata mgao wa kikoba, kijana wa Kariakoo aliyechoka kulaza mtaji wote kwenye mzigo wa dukani, mtumishi aliyeshika kiinua mgongo na anaogopa kisije kikaishia kwenye harusi za watoto wa ndugu. Nawapenda watu hawa, ndiyo maana nitawasema. Kilo moja ya nyama wanaigeuza mara tatu kabla ya kulipa. Wakifika kwenye nyumba ya shilingi milioni 60 wanatosheka na rangi ya ukuta.

Nyumba yenyewe tunaijua. Zamani ilikuwa ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, ukumbi katikati, na banda la uani lenye jiko, bafu na choo. Mwenye nyumba alikaa chumba cha mbele, wengine wakajaa watu wa mishahara. Siku hizi imegawanywa milango minne ya chumba na sebule, labda na chumba masta kimoja pembeni na fremu mbili za duka zinazotazama barabara. Umbo limebadilika, ila kitu kinachouzwa ni kilekile: kaya kadhaa zinazotegemea bomba moja, karo moja na mara nyingi mita moja ya umeme. Hayo matatu ndiyo nyumba. Kuta na bati utazikagua baadaye na fundi.

Kuhusu mahali, sina ugomvi na chaguo lako. Kibaha ni makao makuu ya Mkoa wa Pwani, na mishahara inalala pale: ofisi za mkoa, Hospitali ya Tumbi, Shirika la Elimu Kibaha lililotokana na mradi wa nchi za Nordic wa mwaka 1963. Ongeza viwanda vya TAMCO, Zegereni na Misugusugu, na bandari kavu ya Kwala iliyozinduliwa Julai 31, 2025. Kisarawe iko upande wa pili, juu ya vilima vya Pugu ukitokea Gongolamboto. Ina upepo, ina walimu, ina watumishi wa halmashauri, na tangu mradi wa maji wa Kibamba hadi Kisarawe uzinduliwe mwaka 2020, mji ambao watu wake walizoea kuhangaika na ndoo umeanza kupangisha nyumba zenye bomba. Mpangaji wa Kibaha anatoka kazini kwa zamu. Wa Kisarawe mara nyingi ni mtumishi anayehamishwa. Kabla hujauliza bei, jua nyumba unayoitazama inaishi kwa mshahara wa nani, na mshahara huo ukihama, nani atafuata.

Usidanganyike na treni. SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 14, 2024, na tangu hapo kila kiwanja cha Mkoa wa Pwani kiko karibu na reli. Treni haisimami kwenye kila mwembe. Vituo vya katikati ni Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere. Ukiambiwa nyumba ya Picha ya Ndege iko karibu na SGR, uliza kituo gani, kisha panda bodaboda mpaka hapo kituoni saa kumi na moja alfajiri kwa hela yako mwenyewe. Nauli utakayolipa ndiyo mpangaji wako atakayolipa kila siku. Akiona haimfai atapanda daladala ya Mbezi, na wewe utakuwa umelipia reli ambayo hakuna mtu wa nyumba yako anayeipanda.

Sasa rudi kwenye ile nyumba bila dalali. Nenda Jumamosi asubuhi, siku ya kufua, na kama unaweza nenda masika, kati ya Machi na Mei, kwa sababu mvua haijawahi kula rushwa. Itakuonyesha ukuta unaonyonya maji, njia inayogeuka mfereji, na karo linalorudisha ulichokipeleka. Kule Kisarawe kwenye miteremko, itakuonyesha pia kama gari la kunyonya majitaka linaweza kufika nyumbani au linakwama kwenye utelezi wa kilima.

Piga hodi kwa heshima. Usijifanye unatafuta chumba, sema kilichokuleta. Mazungumzo yatakwenda hivi:

"Hodi wenyewe."

"Karibu, kaka. Vyumba vimejaa lakini."

"Ahsante, dada. Nimesikia nyumba inauzwa, nimekuja kuiangalia."

"Inauzwa?" Ataiacha nguo kwenye beseni. "Mama Rehema, njoo usikie, eti nyumba inauzwa! Mbona mwenye nyumba juzi tu kachukua kodi ya miezi sita?"

Kaa kwenye kigoda utakachopewa, maana kwa sentensi hiyo moja umeshaokoa hela nyingi kuliko utakazookoa kwa kubishana bei. Desturi yetu ni kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Muuzaji anayejua anauza huzunguka milango yote, akakusanya kodi ya mbele, mara nyingine kwa punguzo dogo la kuwashawishi, ndipo anakuita wewe. Ukikabidhiwa funguo Machi, wapangaji wamelipa mpaka Septemba, na wana haki ya kukaa mpaka Septemba. Umenunua nyumba ya milango minne na kwa nusu mwaka hupati hata ya kununulia koki. Dawa yake ni karatasi: kila mpangaji aonyeshe risiti au mkataba, tarehe aliyolipia mpaka lini iandikwe, jumla ya kodi iliyokwisha kuliwa itolewe kwenye bei ya nyumba, na mkataba wa mauziano useme hivyo. Muuzaji atasema hilo ni jambo dogo mtaelewana. Kama ni dogo, litaandikika.

Endelea kuuliza. Maji yanatoka siku gani, na saa ngapi? Ukiambiwa yanatoka usiku, ujue wapangaji wako wanalala kwa zamu. Kibaha inapata maji ya mto Ruvu kupitia DAWASA, na mtambo wa Ruvu Juu uko hapo hapo Mlandizi. Lakini mwishoni mwa mwaka 2022 mto ulipopungua, Dar es Salaam na Pwani zilipewa maji kwa mgawo. Nyumba yenye simtanki la kutosha juu ya mnara wa zege ilipita kipindi kile na wapangaji wake wote. Isiyo nalo iliwaona wakifunga mizigo. Bei ya tanki na mnara iongeze kwenye bei ya nyumba kabla hujatoa kauli.

Halafu umeme, na hapa nakuomba usiwe na haraka, kwa sababu ndoa za wapangaji zinavunjikia kwenye LUKU. Mita ni moja, iko ukutani kwa chumba cha mbele, na pembeni yake kuna daftari limetundikwa kwa uzi: majina, tarehe, hela. Mwenye friji analipa sawa na mwenye taa mbili. Fundi cherehani wa fremu ya kwanza anapiga pasi mchana kutwa. Muuguzi wa zamu ya usiku anarudi asubuhi anakuta giza, na hakuna anayejua nani alikuwa zamu ya kununua. Juu ya ugomvi kuna hasara ya bei. Mteja mdogo wa majumbani wa TANESCO, kundi la D1, hulipa Sh100 kwa uniti, kabla ya kodi na makato, kwa uniti 75 za mwezi. Kaya nne kwenye mita moja zinazimaliza hizo mapema, mita inahamishiwa kundi la juu ambako uniti ni Sh292, na kila mtu anaona mwenzake ndiye mwizi.

Kwa hiyo nyumba ya mita moja ina bei yake, na nyumba ya mita nne ina bei nyingine. Ukinunua ya mita moja, fedha ya kuomba mita za kila mlango, au angalau kufunga mita ndogo za kusomea, iwe mfukoni siku unaposaini. Jingine ni kodi ya jengo. Tangu mwaka 2021 inakatwa kupitia LUKU, na kiwango cha nyumba ya kawaida tangu 2023 ni Sh18,000 kwa mwaka, yaani Sh1,500 kila mwezi. Hiyo ni kodi yako wewe mwenye nyumba. Anayenunua umeme ni mpangaji, ndiye anayekatwa. Mrudishie, ama upunguze kwenye kodi yake ya chumba, bila kusubiri akukumbushe. Mwenye nyumba anayegombania Sh1,500 na mtu anayemlipa Sh80,000 hajui anafanya biashara gani. Na ukifunga mita nne, nenda ukasajili kwamba zote ni za jengo moja, kodi ikatwe kwenye mita moja tu.

Ukitoka hapo pita kwa jirani mzee, yule wa kwenye kiti cha kamba chini ya mkorosho. Shikamoo kwanza, maji ya kunywa ukipewa yapokee, kisha uliza kiwanja kilikuwa cha nani kabla ya huyu anayeuza. Maeneo haya ni ya Wazaramo na Wakwere, na ardhi kubwa ilikuwa mashamba ya ukoo yenye minazi na mikorosho kabla hayajakatwa viwanja. Mtoto mmoja wa marehemu huuza, anajenga au anakula, na miaka ikipita anatokea shangazi kutoka Maneromango akiwa na kanga mbili, wajukuu watatu na haki yake kamili. Shangazi huyo usimlaumu, hakuulizwa. Kama mali ni ya mirathi, anayeuza awe msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, uone barua ya uteuzi, na warithi wote wasaini, shangazi akiwa wa kwanza.

Vivyo hivyo kwa mke. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzi. Mwanaume akikuletea kiapo kwamba hajaoa, muulize mpangaji: yule mama anayekuja kuchukua kodi Desemba ni nani? Wake wakiwa wawili, saini ni mbili.

Karatasi za serikali hazina ujanja mwingi, ila zina mpangilio. Kama kuna hati, fanya upekuzi rasmi kwenye ofisi ya ardhi ya mkoa iliyoko Kibaha: jina la mmiliki, rehani ya benki, zuio, deni la kodi ya pango la ardhi. Nakala ya rangi iliyowekwa kwenye plastiki haitoshi, hata iwe nzuri namna gani. Kama ni barua ya toleo, nenda halmashauri ukaone faili na mchoro wa mipango miji. Kama ni ardhi ya kijiji, inatawaliwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, na halmashauri ya kijiji lazima iwemo. Karatasi ya mashahidi watatu na mhuri uliofifia si hati. Kiluvya ndiko watu wanakopotelea zaidi, kwa sababu kuna Kiluvya ya Ubungo, kuna kata ya Kiluvya ya Wilaya ya Kisarawe, na Kibaha inaanzia pale pale. Uliza faili liko halmashauri gani, uende ukalishike.

Na barabara. Mwaka 2017 matingatinga yalipita kando ya Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara mpaka Kiluvya, yakabomoa nyumba zilizokuwa ndani ya mita 121.5 kutoka katikati ya barabara, kila upande. Zilikuwemo nyumba za wapangaji, zilikuwemo zenye umeme na maji. LUKU haizuii tingatinga. Wapo waliouziwa wakijua, na wapo waliouziwa na watu waliojua. Barabara kuu nyingine, kwa Sheria ya Barabara ya 2007, zina hifadhi ya mita 30 kila upande. Chukua futi kamba, pima wewe mwenyewe, halafu nenda TANROADS mkoani wakuthibitishie. Ukiwa Kisarawe karibu na msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, tafuta alama za mpaka wa hifadhi kabla hujatafuta mandhari. Nyumba inayouzwa bei rahisi kwa sababu iko pembeni ya msitu huenda imo ndani yake.

Sasa hesabu, na hapa ndipo ninapowashika mkono vijana wanaotazama video za Marekani. Kule mtu ananunua nyumba ya milango minne kwa mkopo wenye dhamana ya FHA, akiwa na malipo ya awali ya asilimia 3.5 tu, anakaa mlango mmoja, na wapangaji watatu wanambebea rejesho. Ni mpango mzuri. Kibaha unavunjikia kwenye riba. Tuseme nyumba ni milioni 60, milango minne, Sh80,000 kila mmoja kwa mwezi. Kwa mwaka ni Sh3,840,000 kama hakuna chumba kitupu na hakuna kitasa kilichoharibika. Kopa milioni 40 kwa asilimia 16, riba peke yake mwaka wa kwanza ni kama milioni 6.4. Wapangaji wako wanne, wakilipa bila kukosa, hawafiki hata theluthi mbili ya riba, na deni lenyewe halijaguswa. Mshahara wako ndio utakaokuwa mpangaji wa tano.

Ukinunua kwa fedha taslimu bado hesabu inahitaji heshima. Toa miezi miwili ya mlango mmoja mtupu, toa kunyonya karo, koki, rangi na fundi wa bati, unabaki na kama milioni 3.2 kabla ya kodi ya mapato. Hatifungani ya serikali ya miaka 25 iliyokuwa ikitolewa kuanzia Aprili 2022 ilikuwa na riba ya asilimia 12.56, milioni 60 kule ingeleta zaidi ya milioni 7.5 kwa mwaka, na hatifungani haizibi choo. Sisemi usinunue nyumba. Ardhi inapanda, watoto wanapata pa kuanzia, na milango minne inaweza kuwa sita. Nasema kupanda huko ni kwako kukusubiri, siyo kwa muuzaji kukulipisha leo. Msimamo wangu ni huu: bei isizidi kodi ya miaka kumi. Kwa nyumba yetu ya mfano ni milioni 38.4. Muuzaji atacheka. Mwache acheke, mwachie namba yako ya simu, nenda ukaone nyingine. Wenye kuuza kwa shida ya kweli hupiga baada ya wiki kadhaa.

Kama nyumba kamili haifikiki, usidharau pagale. Msingi mzuri, kuta zilizofika lenta na karatasi safi ni bora kuliko nyumba ya marumaru yenye shangazi. Maliza milango miwili, ipangishe, kodi yake imalizie mingine. Ndivyo nusu ya Kibaha ilivyojengwa. Ila pagale likaguliwe na fundi wako, maana yule wa muuzaji atakwambia nondo ziko ndani.

Siku ya kulipa watajitokeza wenye asilimia kumi. Dalali anataka yake. Hiyo elewaneni mapema na muuzaji nani anailipa, na iandikwe. Kisha kwenye ofisi ya mtaa utaambiwa kuna asilimia kumi ya serikali. Malipo halali ya serikali kwenye uhamisho yanajulikana: ushuru wa stempu, kodi ya muuzaji kwa faida aliyoipata, ada za ardhi, na yote yanalipwa kwa namba ya malipo na risiti yake. Asilimia kumi inayopokelewa juu ya meza ya mtaa bila namba ya malipo, iombee risiti kwa upole na utaona inavyopungua. Fedha ya nyumba ipite benki. Gunia la noti halina ushahidi.

Ukishakabidhiwa, usianze na rangi wala na kupandisha kodi. Ita kikao uani jioni, wakiwa wamerudi wote, na soda kreti moja. Jitambulishe. Soma kwa sauti tarehe ambayo kila mlango umelipia, wakusahihishe. Soma mita mbele yao, andika namba kwenye daftari lile lile la ukutani. Wape mikataba mipya yenye majina yao kamili na namba yako ya simu. Waulize kitu kimoja wanachotaka kitengenezwe kwanza. Watasema choo. Fundi awe pale Jumatatu asubuhi.